Mkono Usio na Ngao

Mdogo wangu mpenzi, Kitindamimba wetu,

Salamu zangu zikukute mzima, na kama mpwa wangu anakuruhusu kulala kidogo, basi zikukute umepumzika pia. Shemeji hajambo? Mwambie picha ya mtoto nimeiona, na asijisumbue kudai kwamba masikio yale ni ya kwao. Sisi huku tu wazima. Mama ana maumivu yake ya goti ya siku zote, ila ulimi wake haujawahi kuumwa.

Barua yako niliisoma nikairudia. Umeniuliza mtoto kafanana na nani, maana paji lile kwa akina shemeji halipo na kwa mama hulioni. Umeuliza tena, kwa uchungu nilioutambua hata kwenye mwandiko, kama ni paji la yule mtu aliyetutupa ukiwa bado tumboni. Siku zote nimekujibu kwamba simkumbuki baba, na sikukudanganya. Nilikuwa mdogo mno, na picha zake mama alizichoma zote. Leo nina jibu, ila itabidi kwanza uzivumilie habari za sanamu zangu. Najua umeshaguna.

Ugonjwa wangu unaujua. Mchana nachonga lenzi za miwani dukani, jioni narudi kwa mashujaa wangu wa vitabu vya katuni, ambao mama husema wamefanya sebule iwe kama foleni ya benki. Nawakagua mmoja mmoja na kuwasema mtandaoni bila haya: huyu magoti yamevimba, yule rangi ya jicho imetoka nje ya mstari, mwingine kapakwa rangi kama ukuta wa choo. Watu wameniita Jicho Kali. Wapo mafundi wanaonichukia, na wapo wanaonitumia kazi kabla haijaiva ili niwaambie ukweli.

Mmoja wao ni fundi anayefanya kazi peke yake katika mji ambao sijafika. Hatujawahi kuonana, ni picha tu na maneno ya simu. Alikuwa akifinyanga Ngao Nyekundu, yule shujaa niliyekuwa nikikusomea utotoni, kwa kimo cha mtu mzima. Aliponitumia picha za udongo, nikamwaga sumu yangu kama kawaida. Nilimwambia uso ule ni wa mtu anayetangaza dawa ya meno. Akaondoa tabasamu, nikasema bado. Paji liwe pana zaidi. Sikio la kushoto lisimame kuliko la kulia. Midomo ifunguke kidogo, kama anaita mtu bila kutaka kupiga kelele. Kila aliporekebisha nilijisikia kama mtu aliyekunwa penyewe panapowasha. Nilidhani ni ustadi wangu wa kukosoa, na nilijivuna kwelikweli.

Kisha nikaanza kudai mambo yasiyoeleweka. Nilitaka joho limgande mwilini na macho yakunjwe, kama ya mtu anayemwagikiwa na maji usoni. Fundi akaniuliza tangu lini Ngao Nyekundu ananyeshewa. Nikamwambia afanye tu, wala sikulegeza. Halafu ukaja mkono wa kulia. Sanamu hizi huja na mikono ya kubadilisha, mmoja umeshika ngao na mwingine mtupu, na ule mtupu alikuwa ameukunja ngumi. Nikamwambia aukunjue, auinue usawa wa bega, kiganja kitazame mbele, vidole vitanuke na nyama ibonyee, kama mkono uliokandamizwa kwenye kitu. Alicheka, akasema hapo mbele hakuna kitu cha kukandamiza, na kwamba Ngao Nyekundu bila ngao ni mtu tu aliyelowa. Nikasema hivyohivyo. Alinisikiliza, na kwa shukrani akanitumia sanamu ya kwanza kutoka kwenye kalibu yake ya kumiminia.

Ilifika kwenye sanduku la mbao, mama akiwa ameenda kliniki kwa ajili ya lile goti. Niliisimamisha sebuleni karibu na mlango, nikaivika ule mkono mtupu, nikarudi nyuma niikague. Mdogo wangu, sikuona kosa. Mimi! Nilitafuta mshono wa kalibu, nikatafuta rangi iliyochuruzika, hakuna. Badala ya kufurahi, nilisogea karibu. Nikajikuta nimepiga magoti mbele yake, nimenyoosha mkono juu, kiganja changu kimekutana na chake. Kilikuwa baridi kama kioo cha dirisha. Sikujua kwa nini nimepiga magoti, ila nilijua kwamba kimo kile ndicho sahihi.

Mama alirudi mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Unamjua mama na mvua: tone la kwanza halijaanguka, makomeo yote mawili yameshafungwa na pazia limevutwa, na atakayebisha hodi atabisha mpaka achoke. Tulikuwa tunamcheka kwamba hata paka alijifunza kurudi mapema. Safari hii pia aliingia, akafunga, akageuka, akamwona. Hakupiga kelele. Mkoba ulimponyoka tu. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana, bila kunitazama, ni nani aliyemfungulia.

Nilicheka kwa woga, nikamwambia ni sanamu tu, ni Ngao Nyekundu. Ni kama hakunisikia. Alikaa sakafuni na goti lake lile lile, akaanza kusema, nami nakuandikia kama alivyosema.

Baba hakututupa. Jioni ile waligombana kwa jambo ambalo mama mwenyewe halikumbuki tena, baba akatoka kwenda kutuliza hasira. Mvua ikaanza, akarudi. Mama alikuwa ameshafunga makomeo, akajiambia atafungua akisikia neno samahani. Baba aligonga. Kisha akaja dirishani, mahali nilipokuwa nimesimama mimi, akaweka kiganja kwenye kioo, nami nikaweka changu upande wa ndani. Mama alinivuta, akavuta na pazia. Alipoona adhabu imetosha alifungua, na nje hapakuwa na mtu. Mto ulio njiani ulikuwa umepanda juu ya daraja. Asubuhi aliokota kiatu kimoja cha baba kando ya mto, akakificha, akaona ni rahisi zaidi kusema mume amekwenda zake kuliko kusema alikuwa mlangoni. Picha alizichoma kwa sababu katika kila moja baba alikuwa akimtazama.

Nilimpigia fundi, nikamuuliza alikoutoa uso ule. Akanijibu, kwa mshangao, kwamba hakuutoa popote. Kila mstari nilimwelekeza mimi.

Basi niliweka picha ya mtoto wako ubavuni mwa uso wa sanamu. Paji ni lile lile, na sikio la kushoto limesimama vile vile. Mpwa wangu kafanana na babu yake, na babu yake alikuwa akirudi nyumbani. Mama nimemkasirikia na nimemhurumia, na bado sijui kipi kimezidi. Wewe una haki ya hasira kubwa kuliko yangu, umemchukia maisha yako yote mtu ambaye hakukukosea. Lakini njoo umwambie ana kwa ana. Yeye ndiye aliyeniomba nikuandikie.

Mlete na mtoto. Ukifika usibishe hodi, mlango hatuufungi tena, mama hataki hata kusikia mlio wa komeo. Amekataa pia sanamu iondolewe. Mvua ikinyesha huchukua taulo, akamfuta kichwa na mabega taratibu, huku akimnong'oneza maneno nisiyoyapata. Nimemwacha, nikijiambia ni faraja ya mtu mzima na haimdhuru yeyote. Jana mvua ilipokatika nilikwenda kulichukua taulo nilirudishe kabatini. Sakafu ilikuwa kavu, na mikono ya mama ilikuwa mikavu. Mdogo wangu, taulo lile ilibidi nilikamue.

Nisalimie shemeji, na mpwa wangu mbusu kwenye lile paji. Mama anakusalimu, anasema hatakusemesha mpaka wewe uanze.

Ni mimi kaka yako,
Jicho Kali, ambaye safari hii hana kasoro ya kutaja.