Kitabu cha Watoto wa Sayari ya Mbali

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Kihesa hatujambo. Babu yako bado anabishana na redio. Umeuliza ni kitabu gani nilikipenda nikiwa msichana. Ni kile cha watoto waliopelekwa kuishi sayari nyingine bila wazazi. Miaka ya sabini tulikigombania bwenini mpaka jalada likang'oka.

Likizo nikaenda nacho nyumbani Kilolo, nikamsomea mama yangu tukipukuchua mahindi. Nilipofika pale watoto walipoanza kuitawala sayari yao, mama akauliza, "Na nani anawapikia?"

Nilicheka sana. Kisha nikarudi nyuma kurasa zote kumtafuta mpishi. Hakuna. Nikakipenda zaidi, maana mashujaa wangu waligeuka watoto wenye njaa.

Barua yako imejaa mitihani tu, chakula hukukitaja. Nani anakupikia?

Bibi yako