Majani ya Mikumi

Twalib, uko hewani? Leo nimeaibika, acha tu.

Si ile safari ya mtaa ya kwenda mbuga ya Mikumi? Wenzangu wote dirishani, "Jamani pazuri!" Mie naona majani tu, yamefika kiunoni. Nikamwambia mwongoza watalii, "Kwetu Mbagala mwenyekiti wa mtaa ananifokea kwa vijani vya uani, nyie serikali nzima hamfyeki?"

"Mzee, uzuri wake ndio huo."

Uzuri! Nikashika mlango nishuke, nimwonyeshe Bi Farida, yule mjane jirani yangu niliyekaa naye kiti kimoja, uzembe wa wakubwa.

Majani yakapiga miayo.

Simba, Twalib! SIMBA!

Nikajikuta nimepakatwa na Farida, basi zima linatazama. Tangu marehemu mke wangu aondoke sijashikwa hivyo.

Akaniuliza, "Baba Mwamvita, wafyeke?"

Nikasema waache. Yaani mie, Twalib, nimeitetea serikali!