Diski ya Bonde la Vetle

Gerezani, 12 Septemba 2022

Mwanangu Synnøve,

Salamu nyingi. Hujambo? Ule mkono uliobanwa na ngazi kazini umepona? Mimi sijambo. Nalala, nakula, asubuhi nashinda kwenye karakana ya mbao, na baada ya chakula cha mchana tunazunguka uani, mvua iwepo isiwepo. Hii ni wiki ya sita. Katika miezi kumi na minne si nyingi, lakini nazihesabu.

Hukuja mahakamani siku ya hukumu na sikulaumu. Leo naandika kwa jambo dogo tu. Hapa mtu anaruhusiwa kuwa na mashine ya gemu chumbani, mradi iwe ya zamani isiyoshika mtandao. Jirani yangu Bjarte, mtu wa Bergen anayeongea kuliko redio, ameniuzia yake kwa sababu amepata nyingine. Ila bila mtandao huwezi kupakua chochote. Kinachokubalika ni diski, na lazima ipitie ofisini ikaguliwe kwanza.

Ukipata nafasi, nenda kwenye ile rafu ya sebuleni unitumie mbili tatu. Hasa Bonde la Vetle. Nimekumbuka tulivyokuwa tukichunga wale kondoo Jumapili nzima, wewe na pedi yako ya kuchezea, mimi na yangu, ukinifokea kwamba kondoo wangu wametawanyika.

Mengine sikuulizi. Siku ukitaka kuyasema, nipo.

Baba yako,
Torgeir


Namsos, 30 Oktoba 2022

Baba,

Barua nimeipata. Mkono umepona.

Diski sina. Nilizitia zote kwenye boksi mwezi wa nane, siku ile ile uliyoingia huko, nikazipeleka duka la mitumba. Rafu nimeitoa, sasa pale nimeweka kiti. Gemu zangu zote ziko kwenye akaunti, Bonde la Vetle nalo limo. Nani bado anahangaika na diski?

Pole.

Synnøve


Gerezani, 6 Novemba 2022

Mwanangu Synnøve,

Hujambo na kazi? Baridi imeshaingia hapa, najua huko kwetu imetangulia. Usisahau kufungulia bomba la jikoni litiririke kidogo usiku wa barafu kali, lile la upande wa kaskazini huganda.

Kuhusu diski, usijali. Nyingi nilikununulia wewe na ulikuwa na haki ya kuziuza. Bjarte aliposikia alisema, "Kwa hiyo binti yako amekuhamisha hata kutoka kwenye rafu." Nikacheka, ingawa si sana.

Umeuliza nani anahangaika nazo. Humu, sisi sote. Kuna mzee mmoja wa korido ya chini ana diski ya mbio za magari aliyokwisha kuimaliza zamani. Anaazimisha kwa zamu, nawe ukiirudisha anakuuliza uliishia wapi, ulianguka kona gani. Hapa watu wengi hatuna la kuambiana, maana kila mazungumzo yanaishia kwenye kosa lililokuleta. Ile diski imetupa jambo la kuzungumza. Sijui kama akaunti inaweza kuazimwa. Pengine inaweza, mimi ni mtu wa zamani.

Kula vizuri. Usijibu kwa kulazimika.

Baba yako,
Torgeir


Namsos, 11 Januari 2023

Baba,

Habari za huko? Mimi mzima. Bomba la jikoni liliganda, sikulifungulia. Nimelitengeneza mwenyewe kwa mashine ya kukaushia nywele, ilichukua saa tatu.

Krismasi nilikuwa peke yangu. Mama alinialika Trondheim kwa mume wake, nikasema nina zamu. Sikuwa na zamu. Tarehe ishirini na nane nikaenda duka la mitumba kuulizia boksi langu. Muuzaji alinitazama kama niliyeulizia theluji ya mwaka jana.

"Dada, hilo liliondoka ndani ya wiki."

"Lote?"

"Lote. Watu wa diski wako wachache, lakini wakizipata hawaachi kitu."

Basi nikatafuta kwingine. Hiyo iliyomo kwenye bahasha nimeitoa kwa mtu wa Levanger. Si yetu. Ndani ya kasha kuna jina la mtu kwa kalamu nyekundu, "Kjersti, 2014, usiguse". Ina mikwaruzo. Nimeigusa, na wewe uiguse.

Na mimi nimeanza upya kwangu, ile niliyopakua. Tuone nani atavuka milima yote mitatu kabla theluji ya humo haijafunga njia. Usitegemee nikusubiri. Wewe ulikuwa mchungaji mbovu tangu zamani.

Synnøve
(bado nina hasira)


Gerezani, 2 Februari 2023

Mwanangu Synnøve,

Hujambo? Nimefurahi kusikia habari za bomba, hata kama kwa kuganda kwake.

Diski imefika. Ofisini walikaa nayo wiki mbili, afande akaifungua, akasoma maneno ya kalamu nyekundu, akaniuliza Kjersti ni nani. Nikamwambia simjui. Akaandika hivyo kwenye fomu.

Ilikataa kusoma mwanzoni. Bjarte akaninyang'anya. "Lete hapa, unaifuta kama unafuta meza." Akapaka dawa ya meno, akasugua kwa soksi safi kutoka katikati kwenda nje, taratibu, huku amenyamaza. Sikujua kama anaweza kunyamaza. Ikasoma.

Sasa nina swali. Nimefika daraja la kamba, kabla ya mlima wa pili. Yule bibi mwenye taa anavuka kuja kunionyesha njia, daraja linakatika, naye anaanguka mtoni. Nimerudia mara kumi na moja. Nimewaacha kondoo nikakimbia, nimepita juu, nimemwita mapema, nimemfungia njia na mbwa. Linakatika tu. Ulikuwa ukifanyaje wewe? Nakumbuka wewe ndiye uliyekuwa ukishika pedi tukifika pale.

Hasira yako naipokea. Ikae tu na wewe mpaka utakapoichoka.

Baba yako,
Torgeir


Namsos, 19 Februari 2023

Baba, shikamoo.

Unaendeleaje? Mimi sina homa wala mafua, lakini sijalala vizuri wiki hii na utajua kwa nini.

Kwangu daraja halikatiki. Bibi anavuka, anakupa taa, mnaendelea pamoja. Nilidhani unakosea, nikaenda kusoma. Watu walilalamika sana ilipotoka, wakasema inaumiza, na mwaka wa 2017 watengenezaji wakabadilisha. Kila aliyeipakua akapata mabadiliko hayo bila hata kuombwa. Diski inabaki ilivyotoka kiwandani siku ya kwanza. Hata zamani tulipocheza wote, mashine yetu ilikuwa imeshaungwa mtandaoni, ndiyo maana huikumbuki hivyo. Huna cha kufanya pale, baba. Hukosei. Mwache aanguke, uvuke.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nikaondoka mezani, na sasa nimerudi.

Mimi ndiye niliyekupigia simu. Sijawahi kulitamka. Jumamosi ile tulimaliza kazi mapema pale shuleni Overhalla, mvua ilikuwa inanyesha, na basi lilikuwa linakuja baada ya dakika arobaini. Kulikuwa na kibanda. Ningeweza kukaa kibandani dakika arobaini nikitazama simu yangu. Nikakupigia nikasema njoo unichukue. Ukaja, na njiani ukamgonga Bi Oddrun akienda zake mazoezi ya kwaya.

Watu wote hapa mtaani wanakusema wewe. Mimi wananiletea keki. Wanasema maskini binti. Niliziondoa diski ili nisione kitu chako kikinitazama, na sikuja mahakamani kwa kuogopa kwamba wakili atauliza ulikuwa unakwenda wapi.

Synnøve


Gerezani, 22 Februari 2023

Synnøve mwanangu,

Nimepata barua yako leo mchana na najibu leo leo, afande amekubali kuipeleka posta kabla hawajafunga.

Wakili aliuliza. Nilijibu kwamba nilikuwa nakwenda dukani. Hilo halikubadilisha hukumu, nami sikutaka jina lako lisomwe mle ndani. Labda nilikosea. Labda kama ningelisema, tungelikuwa tumelimaliza siku nyingi.

Sasa nisikilize. Ulipopiga simu, uliniuliza kitu. Unakumbuka? Ulisema, "Unaweza kuja?" Hukusema njoo. Nilikuwa kwa Leif, tumemaliza kupanga kuni zake, na nilikuwa nimekunywa glasi tatu. Leif akanitazama. Alisema, "Mwambie apande basi." Nikakuambia naweza.

Ulichokuwa nacho wewe ni swali tu, nalo halikuwa na kosa. Jibu nililitoa mimi, nikiwa na glasi tatu tumboni na funguo mkononi, na mtu amenionya. Ungenipigia kutoka kibandani, kutoka kanisani, kutoka popote, usingekuwa na njia ya kuziona zile glasi.

Nilimwandikia Bi Oddrun mwezi wa kumi, na tena mwezi wa kumi na mbili. Hajajibu. Sijui nyonga yake inaendeleaje. Usiende kwake kwa ajili yangu.

Daraja nimelivuka. Sikupenda.

Baba yako,
Torgeir


Namsos, 30 Aprili 2023

Baba, shikamoo.

U hali gani? Barafu imeyeyuka huku, bustani ni tope tupu. Nisamehe kwa kimya. Barua yako nilikaa nayo mfukoni mwa ovaroli mpaka ikachakaa.

Nimekwenda kwa Bi Oddrun. Si kwa ajili yako, nimekwenda kwa ajili yangu. Nilimwambia yote, basi, kibanda, simu. Alinikaribisha kahawa na mkate wenye jibini ya kahawia, akanisikiliza mpaka mwisho. Anatembea na gongo moja sasa. Nyonga haitarudi ilivyokuwa, na ngazi za ukumbi wa kwaya hawezi kuzipanda.

Akasema, "Wewe nakusikia. Ulikuwa umelowa ukampigia baba yako, nani asingepiga?"

Nikauliza, "Na yeye?"

Akaegemeza gongo lake ukutani. Kisha akasema, "Barua zake zote mbili nimezisoma. Zimeandikwa vizuri. Mwambie asiandike ya tatu. Kila moja ikifika, nalazimika kuanza upya."

Nimekuletea kama alivyosema, sikupunguza.

Jambo lingine ni dogo ukililinganisha na hilo, lakini limeniliza jana kuliko hilo, sijui kwa nini. Kampuni iliyotengeneza Bonde la Vetle imefungwa. Kwenye duka la mtandaoni gemu wameliondoa. Nilidhani mimi niliyelilipia niko salama, limo ndani ya mashine yangu, nalifungua lini nikitaka. Halifunguki. Kila nikiliwasha linaomba kibali kutoka seva ya watu ambao hawapo tena. Kondoo wangu wako mlima wa pili, na siwezi kwenda mbele wala kurudi. Watu wanaandika mtandaoni, eti soma masharti, hukuwahi kununua gemu, ulinunua ruhusa.

Kwa hiyo nakuomba, itunze diski ya Kjersti. Ukitoka uje nayo.

Wako,
Synnøve


Gerezani, 9 Mei 2023

Mwanangu Synnøve,

Nashukuru kwa barua, na kwa ujasiri wa kwenda pale ambapo mimi siwezi. Afya yangu nzuri. Mgongo unalalamika kwa sababu ya karakana, basi.

Sitamwandikia tena Bi Oddrun. Nimesoma maneno yake mara nyingi. Nilidhani ninapoomba radhi ninampa kitu, kumbe nilikuwa namwomba kitu. Na nimefikiri lingine. Anapita mbele ya nyumba yetu kila siku kwenda kituo cha basi. Nikitoka sitarudi hapo. Nitapanga chumba Steinkjer, kuna kiwanda cha madirisha kinachochukua watu wa karakana. Nyumba kaa nayo wewe. Simwambii, na wewe usimwambie kama fadhila. Apite tu barabarani asinione.

Sasa la diski, na hapa utanikasirikia. Sina. Bjarte amehamishwa wiki iliyopita kwenda gereza la karibu na kwao, siku mbili kabla barua yako haijafika. Alikuwa nayo, alikuwa mlima wa tatu, na alikuja mlangoni kuirudisha. Alininyooshea kwa mikono miwili. Nikamwambia ondoka nayo. Nilidhani wewe unayo yako, milele, bila mkwaruzo.

Nisamehe. Acha nikusimulie basi kilichobaki, maana nilifika mwisho mwezi wa tatu.

Mlima wa pili ukiisha kuna ziwa lililoganda. Usipite katikati. Mbwa atakaa chini agome, mfuate yeye. Mlima wa tatu hauna njia kabisa, unawasikiliza kondoo kwa kengele, theluji imeziba macho. Halafu ghafla unashuka, kuna nyasi na nyumba yenye moshi, hakuna muziki wala pongezi. Unafungua zizi, wanaingia mmoja mmoja, unawahesabu. Mimi nilitoka na arobaini, wakaingia thelathini na sita. Mchungaji anakaa kwenye ngazi za nyumba anavua viatu. Nilingoja kitu kitokee. Hakikutokea kitu, anakaa tu, na unaweza kumwacha akae muda unaotaka. Nilimwacha kama nusu saa.

Sijui kwenu baada ya mabadiliko mwisho ulikuwaje. Huo ndio wa kwangu.

Baba yako,
Torgeir


Namsos, 14 Mei 2023

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepoa. Mimi niko salama.

Nilikasirika kwa siku moja na nusu kuhusu diski. Kisha nikamfikiria Bjarte nisiyemjua, yuko chumba kipya kwa watu wapya, ana kitu cha kuazimisha. Mwache nayo.

Mwisho uliousimulia niliusoma jikoni kwa sauti. Sitautafuta mwingine.

La Steinkjer ni sawa. Nilitaka kukuambia rudi nyumbani, nikaona kwamba ningesema hivyo kwa ajili yangu, na Bi Oddrun ndiye anayepita pale kila siku.

Fomu ya kutembelea nimeijaza, wamenijibu. Jumamosi tarehe ishirini, saa saba mchana, kwa muda wa saa moja tu. Wanasema nisije na kitu chochote, hata keki ya waffle. Nitakuja na basi, nitafika mapema, nitangoja nje.

Usiandae maneno. Wewe unaandika vizuri mno, baba, na Bi Oddrun ameliona hilo kabla yangu. Nina maswali kuhusu siku ile ambayo sikuyaandika humu kwa makusudi, na nataka unijibu kwa mdomo, nikikutazama. Ukishindwa kujibu, tutakaa kimya saa hiyo iishe, na Jumamosi nyingine nitakuja tena.

Mwanao,
Synnøve