Soksi Zisizolingana

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Magomeni ya Kilosa hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwachia, na mahindi ya shamba la Chanzuru yamebeba vizuri.

Unauliza kama uifumue soksi uliyomfumia mtoto mnayemtarajia, kwa kuwa imekaza mno. Hata mimi ilinitokea. Mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujaa sokoni hapa Kilosa. Nikanunua sweta, nikalifumua, nikafuma soksi kwa spoki za baiskeli. Nilikuwa na mimba ya baba yako. Ile mimba iliyomtangulia tuiache. Soksi ikatoka imekaza kama kamba. Ya pili niliifuma baba yako akiwa amelala mapajani pangu, ikatoka pana na laini.

Kwa kuwaonea aibu wageni waliokuja kumwona mtoto, nikataka kuifumua ile ya kwanza. Mama mkwe akaninyang'anya.

“Acha, mwanangu. Hii uliifuma ukiwa na hofu, hii umeifuma ukiwa na mtoto. Atavaa zote.”

Akazivaa zote, moja tukiivuta kuingia, nyingine ikimvuka kila akirusha mguu.

Basi usifumue, mama. Hiyo iweke. Ya pili usiianze mpaka tumsikie akilia.

Akupendaye,
Bibi