Mota Niliyoona Aibu Kuitaja

Mwisenge, Musoma

Mjukuu wangu Wegesa,

Huku tunaendelea vizuri. Baba yako yuko Bunda anavuna mtama. Bibi yako anasema, "Mwambie mke mwenzangu asiondoke nchini bila kuniaga."

Unauliza kwenye usaili wa Ijumaa uwaeleze nini hao wa kampuni wanaoweza kukuombea viza ya kazi melini, maana hadi sasa umetengeneza umeme wa boti kuukuu tu.

Miaka ile ya uhaba nilikuwa fundi umeme wa meli hapa bandarini. Mhandisi wa kigeni alikuja kutafuta mafundi wa meli zake za baharini, akatuhoji ndani ya meli tuliyokuwa tunaihudumia. "Mota ya pampu ikiungua, utafanyaje?" Nikajibu kama kitabu cha chuo: naagiza mpya. Akafunga daftari lake.

Mwenzangu Magesa akacheka. "We Masatu, lini uliagizaga mpya? Mwambie ile ya juzi."

Nikaeleza kwa aibu kwamba tulifumua nyaya za shaba kwenye mota mbili mbovu, tukasuka moja upya, na ndiyo iliyokuwa inavuta maji chini yetu. Akaomba kuiona. Aliisikiliza muda mrefu, kisha akanipa fomu za viza. Mimi nilidhani mota ile inaonesha tulivyokuwa hatuna kitu. Yeye aliona tunajua kazi.

Vyeti waoneshe, mama. Halafu wasimulie ile boti uliyoiwashia taa kwa nyaya za jokofu bovu, na usiruke hata waya mmoja.

Babu yako akupendaye,
Masatu