Ukuta Mmoja, Ahadi Mbili

Mshauri mpendwa,

Kabla sijalia, nikuonyeshe bahati yangu kwanza, maana mtaa mzima hakuna aliyezaliwa na nyota kama yangu. Mimi ni fundi rangi, nimepaka majumba ya wakubwa mpaka balozi mmoja akaniita profesa, shule niliiacha mapema ili wenzangu nao wapate kushika namba moja, na juu ya yote nina nyumba yangu mwenyewe, vyumba sita, bomba uani, ukuta mrefu. Mama mkwe naishi naye, nimempa chumba cha mbele, na kwa heshima nimemwachia funguo zote, hata kodi wapangaji wanampelekea yeye, maana mimi pesa zinanichosha.

Sasa nagombea udiwani. Upande wa barabarani wa ukuta nikaandika kwa rangi nyekundu: NICHAGUE, KILA MWENYE NYUMBA APANDISHE GHOROFA. Wenye nyumba wakapiga makofi, mama mkwe akanipa kiti chenye mto. Upande wa uani, wapangaji wanakofulia, nikaandika kwa bluu: NICHAGUE, MPANGAJI HAHAMISHWI. Wakanibeba juu juu, na fundi cherehani wa chumba cha mwisho, mama wa watoto watatu, akawa mkuu wa kampeni yangu, mpaka kofia kanishonea. Kosa langu nini, mshauri? Ukuta una pande mbili, nimetumia zote.

Balaa ni kwamba mama mkwe aliniamini. Juzi kamwaga mchanga na kokoto mlangoni kwa fundi cherehani, akamwambia, "Binti, tafuta pa kwenda, mkwe wangu kasema tupandishe." Fundi cherehani akamshika mkono, akampeleka kwenye maandishi ya bluu. Mama mkwe akavaa miwani, akasoma, akaniita.

"Baba, huu mwandiko si wako?"

Nikasema ni wa wapinzani.

"Wapinzani wamepata wapi rangi iliyobaki chumbani kwangu?"

Jumamosi wagombea tunakutana na wananchi ukumbi wa shule. Fundi cherehani anasema, "Kaka, nimeshawaambia watu nyumba ni yako, wewe simama tu useme hatuhami." Mama mkwe anasema ana swali moja tu, na atakaa kiti cha mbele. Mshauri, niende, au niumwe? Kikohozi changu kinaaminika sana.

Mgombea wenu

*

Bwana mgombea,

Nimecheka mpaka chai imenipalia. Kisha nikaacha, kwa sababu kuna watoto watatu wanaruka kokoto ili waingie kwao. Wewe unafanya mazoezi ya kukohoa, mama yao anatafuta pa kuwalaza.

Moyo unao, sikunyimi hilo. Ulitaka kila mtu afurahi. Lakini hebu niambie, mwenye nyumba gani anamwagiwa mchanga uani kwake bila kuulizwa? Usinijibu sasa.

Ghorofa si dhambi. Mji unakua, vijana wanaoa, hawatalala mitini. Ila ghorofa haianzi kwa kumtoa mtu nje, na wewe fundi unalijua hilo kuliko wanaovaa tai. Mwambie mama mkwe apandishe upande wa mbele kwanza, wa uani wahamie juu kwa kodi ileile, ndipo nyuma kuguswe. Ukichaguliwa, lipiganie liwe sharti kwa kila anayejenga. Na usisahau mtaro: watu wakiongezeka juu, maji machafu yatapita wapi, kwenye kofia yako?

Leo hii shika koleo, uondoe ule mchanga mlangoni kwa fundi cherehani, kwa mikono yako, mchana, watu wakiona. Kisha chukua brashi, futa pande zote mbili, uandike ahadi moja unayoweza kuisoma kwa sauti barabarani na uani bila kugeuza shingo. Jumamosi nenda. Usikohoe. Swali la mama mkwe lijibu kabla hajasimama. Na mimi nitumie hilo jibu kwanza, nione kama unaweza kulisema bila mapambo.

*

Mshauri,

Mchanga nimeuhamisha, kiuno sina tena. Mama mkwe alikuwa dirishani akitazama, kisha maji ya kunywa kaniletea. Ukuta nimeufuta, sasa ni mweupe kote, kesho naandika. Jibu lenyewe hili hapa, na Jumamosi nitaanza nalo.

Nyumba si yangu. Ni ya mama mkwe, na hata chumba ninacholala kaniazima.