Mashua Yako Nimeipanua, Yaya

Yaya Kalumba, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha karakana, na kabla hujaniuliza nafanya nini hapo, nikwambie mara moja: nimechaguliwa. Mdogo wako Mujinga ndiye mkuu wa Kikundi cha Wanafunzi wa Ufundi wa Mashua, Likasi. Wavulana walitaka kumweka rafiki yako Monga kwa sababu ana sauti nene na ameanza kuota ndevu. Tukapiga kura, nikamshinda, naye akanipa mkono vizuri tu. Najua unacheka. Cheka, kiti nimeshakikalia.

Kuna habari kubwa kuliko hiyo, lakini nitaifikia polepole, maana kuna jambo lazima ulisikie kwanza na hutalipenda. Mchoro wako wa mashua ya wauza samaki nimeubadilisha. Usinikate neno, ngoja nieleze.

Nyumbani tuko salama. Baba anaingia kiwandani kama kawaida na baiskeli yake ile ile, na jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Hasemi sana juu yako. Akiona nachora anavuta kiti karibu, anatazama, halafu anaondoka. Mama anakuombea kila asubuhi kwa jina lako la ubatizo, kwa sauti ya chini, kwani tangu Rais ayapige marufuku, majina ya ubatizo si ya kusema mbele ya watu. Bado anapika bukari ya kututosha sote, pamoja na wewe. Inabaki, tunaila asubuhi, na hakuna anayethubutu kumwambia apunguze unga.

Homa ilikuchukua upesi mno, yaya. Mwanzo wa juma ulikuwa unanigombeza kwa kuchonga penseli vibaya, mwisho wa juma Baba alikuwa anatafuta mbao za jeneza. Alichukua za kwetu, zile tulizoweka kwa ajili ya sakafu ya mashua. Mimi mwenyewe nilizipiga randa. Wajomba walisema si kazi ya msichana, nikawaambia wasimame nje. Nilizilainisha vizuri, hakuna hata kijiti kimoja cha kukuchoma.

Baada ya kilio karakana ilinyamaza. Mchoro wako mkubwa ulikuwa bado ukutani, na wavulana wakaweka picha yako chini yake pamoja na mshumaa. Wakiingia walikuwa wanavua kofia. Mbavu za mashua zilikuwa zimesimama katikati ya karakana bila ubao hata mmoja, na hakuna aliyetaka kupiga msumari. Wakati huohuo barua ikatoka Kinshasa. Wale wahandisi wa meli uliowaandikia, mabwana wa kile Chama ulichotaka kitupokee kama tawi la wanafunzi, walijibu hatimaye. Walisema watamtuma mtu mwisho wa kiangazi. Akiikuta mashua majini, ikichukua watu kwa usalama, tutapokelewa. Asipoikuta, au ikimtia mashaka, jina letu litafutwa na Likasi isiombe tena.

Unakumbuka walivyotucheka wale wanafunzi wa Kalemie, watu wa ziwa kubwa? Kwamba watu wa shaba wanajua nini juu ya maji? Wewe ulijibu, "Maji eko maji tu, na hesabu eko hesabu." Nililisema hilo neno mbele ya kikundi siku niliyochaguliwa, na tukarudi kazini.

Sasa nikuambie kosa lako.

Mama alikuwa haponi huzuni ya msiba, kwa hiyo nilimpeleka kule ziwa Tshangalele akapumzike kwa Mama Mukubwa, dada yake. Asubuhi moja nilipanda mtumbwi mkubwa pamoja na Mama Mukubwa na wauza samaki wenzake wanaovuka kwenda sokoni. Safari nzima walikaa vizuri, beseni za samaki kati ya magoti, wakipiga soga. Nikasema moyoni, ndivyo hasa yaya alivyowaweka kwenye hesabu. Halafu tukakaribia ukingo, wanunuzi wakaanza kuita, na wote wakasimama. Wote, yaya, kwa mara moja! Kila mmoja akajitwika beseni kichwani na kusogea upande wa wanunuzi, maana anayeshuka wa kwanza ndiye anayeuza kwa bei nzuri. Mtumbwi ukainama nikapiga kelele. Mpiga kasia alijitupa upande wa pili bila hata kukatiza mazungumzo yake. Mama Mukubwa akaniangalia kwa mshangao: "We mutoto, unaogopa nini? Kila siku tunashukaka hivi."

Kila siku wanashuka hivi, na wewe uliwakalisha. Kwenye hesabu yako ya utulivu wa mashua, mama wote wamekaa kwenye mabenchi mpaka mwisho, wametulia kama kwenye misa, na mizigo yao iko chini sakafuni. Wewe ulikuwa unakwenda ziwani Jumapili na wakati wa likizo tu, na siku hizo hakuna soko, hakuna haraka, watu wanashuka mmoja mmoja wakishikana mikono. Ulihesabu sawasawa kile ulichokiona. Mashua yako ilikuwa nyembamba na nzuri, na ingepinduka siku ya kwanza ya soko, hatua chache kutoka nchi kavu, na Mama Mukubwa akiwa ndani.

Nilirudi Likasi na hilo jambo tumboni. Nilirudia hesabu mara nyingi nikitumaini mimi ndiye niliyekosea, kama ilivyokuwa kawaida yetu. Safari hii sikukosea. Nilitamani sana uingie na kuniambia, "Mujinga, umesahau kugawanya kwa mbili."

Nilipowaambia wenzetu, Monga alisimama mbele ya mchoro wako, amepanua mikono. "Hii mukono ya Kalumba, hatuigusi. Weye uko dada yake, na weye ndiye unataka kuikata?" Wengine waliinamisha macho. Nilijua wanachokiona, maana na mimi nilikiona: ule mchoro ndio kitu cha mwisho ulichokimaliza. Mtu akiugusa, ni kama anakuambia uondoke. Nikamjibu Monga kwamba wewe ulichora mashua ili watu wavuke, hukuichora ili tuwashe mshumaa. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Alitoka, na kwa siku mbili tatu hakuonekana.

Nikaifanya kazi hiyo peke yangu. Niliushusha mchoro wako, nikaulaza juu ya meza, nikaweka karatasi ya kupitisha mwanga juu yake. Kwanza penseli yangu ilifuata mstari wako tu. Mkuku wako, uti wa mgongo wa mashua, nimeuacha kama ulivyo. Omo nimeiacha, ni pua nzuri kweli, hata yule mzee waliyemtuma kutoka Kinshasa aliisifu baadaye. Nikawa naenda vizuri, naona mkono wako chini ya mkono wangu, mpaka nikafika pale kwenye tumbo la mashua ambapo mstari wangu ulitakiwa kuuacha wa kwako na kutoka nje. Nilisimama hapo muda mrefu. Nililia, yaya, sikufichi. Halafu nikauchora.

Nimeipanua upana wa kiganja kila upande, na zaidi kidogo katikati. Mabenchi nimeyashusha. Tulivunja mbavu nne na kuzichonga upya, na aliyeshika msumeno wa kwanza alikuwa Monga. Aliingia asubuhi, akatazama karatasi zote mbili zikiwa zimelala moja juu ya nyingine, akauliza mbavu zipi zinatoka. Hakuomba msamaha na mimi sikumdai. Mashua imekuwa nzito kidogo, haikati maji kama ulivyotaka. Ungenuna siku nzima kwa ajili ya hilo.

Tuliipeleka ziwani kwenye kamyo ambayo Baba alituombea kazini. Watoto walitukimbilia mpaka nje ya mji. Na mzee wa Kinshasa alikuja kweli, mhandisi mwenye abakosti ya kijivu na miwani, mpole, mwenye kuuliza maswali mafupi. Alifanya jaribio lile lile ulilotufundisha: akatundika timazi katikati ya mashua, akatuamuru tuhamishe magunia ya unga kutoka upande huu kwenda upande ule, akapima kamba imesogea kiasi gani. Aliandika, akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani kazi imekwisha.

Ndipo sitwayeni, kiongozi wa Parti ya Rais, aliposimama. Unamjua, yule wa mtaa wetu, hakuna sherehe inayopita bila yeye. Alikuwa amewaleta akina mama wa kucheza, wote wamevaa kitenge chenye uso wa Rais, pamoja na ngoma zao. Akatangaza kwamba mashua ya wananchi haiwezi kuanza kazi bila animasyo, ngoma na nyimbo za kumsifu Rais, na kwamba watacheza ndani yake, majini, mbele ya mgeni. Monga alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Kukataa wachezaji wa Rais mbele ya mtu wa Parti, wewe unajua mambo hayo yanavyoishia. Mhandisi alinigeukia. Alisubiri mkuu wa kikundi aamue, na mkuu wa kikundi alikuwa mimi.

Yaya, nilikuangalia kichwani. Niliangalia na hesabu zangu: mama wote wamesimama, mizigo kichwani, wote upande mmoja. Nilikuwa nimehesabu hilo. Nikasema, "Bapande. Lakini ile namba imeandikwa pa mashua, hata mutu moja asizidi." Na nikapanda nao.

Walicheza! Mashua ilitikisika kwa ngoma, maji yakaanza kuruka pembeni. Mimi nilikaa karibu na timazi nikiifuata kwa macho, inakwenda, inarudi. Halafu ukafika ule mwisho wa wimbo ambapo wote wanageuka kumsalimu mgeni, na mgeni alikuwa ukingoni, kwa hiyo wote walikwenda upande mmoja, kwa kishindo, mikono juu. Mashua ikainama. Niliona maji yanapanda kwenye ubao. Nchi kavu nilisikia sauti ya Mama ikikuita, jina lako la ubatizo, wazi kabisa, mbele ya kila mtu. Mashua ikafika mahali nilipoihesabia, ikasimama hapo. Wakaendelea kucheza wakiwa wameinama hivyo hivyo, na wala hawakujua kitu.

Niliposhuka nilikaa mchangani. Mhandisi alikuja, akaomba kuona karatasi. Nilimpa zote mbili, ya kwako chini, ya kwangu juu. Alizitazama akiziinua kuelekea jua, mpaka pale mistari inapoachana. Aliuliza nani alichora ipi. Nikamwambia. Akasema kwa Kifaransa kwamba kule kwao wahandisi wakubwa wanasahau kwamba watu husimama.

Basi, habari kubwa ndiyo hii. Tumepokelewa. Gazeti dogo la Chama lilifika wiki iliyopita, na kwenye ukurasa wa habari za wanafunzi, baada ya kikundi cha Matadi kilichotembelea bandari na cha Kisangani kilichotengeneza kielelezo cha kivuko, tupo sisi, mistari michache. Wameandika kwamba mashua imechorwa na Kalumba na Mujinga, Likasi. Monga aliniuliza kwa nini nimekubali waone ile ya kwanza, wajue kwamba ulikosea. Nilimwambia kwamba aliyekosea ni mtu aliyefanya kazi, na ninataka wajue ulifanya kazi. Mama amekata ule ukurasa na kuuweka ndani ya misale yake.

Mshumaa nimeuondoa karakanani. Picha yako ipo, iko karibu na dirisha, unatuona vizuri kutoka hapo. Kuna wapya wamejiandikisha, wawili ni wasichana kutoka shule ya misheni ya Mulungwishi, nao wanachonga penseli vibaya kuliko mimi. Tunaanza kuchora mashua ya pili, ya kubebea wagonjwa kutoka vijiji vya ng'ambo. Nimekuta mistari yako ya kwanza ya kazi hiyo na nimeshaona mambo ambayo sikubaliani nayo.

Pumzika sasa, kaka yangu. Mwaka ujao nitafikia umri uliokuwa nao, na mwaka unaofuata nitakupita. Nilikuwa naogopa siku hiyo, siogopi tena. Siku hiyo mimi ndiye nitakayekuwa yaya wa nyumba hii, na wewe utakuwa mdogo wangu. Naahidi kukutunza kama ulivyonitunza: kila mchoro wako nitaufuata kwa penseli mpaka pale unapokosea, na hapo nitatoka nje ya mstari wako bila kulia.

Dada yako, kwa sasa bado mdogo,

Mujinga